Mtoto mwenye Down hakulegezwa na njaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie ulegevu wa mwili wa watoto wenye Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo, ulegevu ambao hapa Moshi bado unatafutiwa dawa jikoni. Mama anahimizwa aongeze mtori na uji wa lishe, bibi naye anashika chupa ya mafuta ya kuchua. Chakula bora ni haki ya kila mtoto, lakini ulegevu huu haukuletwa na njaa, wala mtoto si mvivu.

Mtoto huyu ana kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya urithi) namba 21 tatu badala ya mbili, jambo lililobainishwa Ufaransa mwaka 1959. Kromosomu hiyo hubeba baadhi ya jeni za kolajeni, protini inayojenga kano, na zikizidi hudhaniwa kuchangia viungo kulegea kupita kiasi. Serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, mara nyingi huwa ndogo. Mitokondria nazo, zinazozalisha nishati ndani ya seli, hazifanyi kazi barabara.

Kinachotukera ni kila kitu kusingiziwa Down. Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ikizembea, ulegevu huongezeka, na hilo lina dawa. Ombeni kipimo cha TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa tezi hiyo, anapozaliwa, akiwa na miezi 6, akitimiza mwaka, kisha kila mwaka. Karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo. Anayetoka jasho na kuhema akinyonya apimwe moyo kwanza, mazoezi baadaye.

Wakati wa kunyonyesha, shika titi kwa vidole vitatu, kidole gumba na cha shahada vishike mashavu na kidevu, taya lisidondoke. Akilala chali miguu ikitanuka kama ya chura, kunja khanga mbili uziweke nje ya mapaja, magoti yatazame juu. Mlaze kifudifudi akiwa macho, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Msimnyanyue kwa kumvuta mikono. Vile vigari vya kujifunzia kutembea tungependa viachwe dukani: mtoto huning'inia tu, nyonga hazibebi uzito. Wengi hutembea karibu na miaka 2, wengine baadaye.

Shingo nayo iangaliwe, kwa kuwa pingili mbili za juu zinaweza kucheza na kubana neva za uti wa mgongo. Shingo ikiuma au kupinda, aliyekuwa akitembea akianza kuyumba, au aliyeacha kujikojolea akianza tena, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mtu asimchue shingo.

Wataalamu wa fiziotherapia ya watoto,
Moshi