Barua ya wazi kwa Kamishna wa Elimu: kabla hatujabadili tena, tuwasikilize watoto

Ndugu Kamishna,

Salaam kutoka shule ya kata.

Kila Januari napokea kidato cha kwanza, na kila Januari nafanya jambo ambalo halimo kwenye azimio la kazi. Namwita mtoto mmoja mmoja chini ya mwembe, nampa aya fupi ya Kiingereza cha darasa la tano aisome kwa sauti, kisha namwomba aniambie, hata kwa Kiswahili, ameambiwa nini humo. Wapo wanaoteremka nayo hadi nukta ya mwisho na hawajui kama aliyekimbia ni mtu au mbuzi. Wapo wenye A ya darasa la saba wanaokwama neno la pili. Mtihani ule kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua herufi, na mwenye kubahatisha kati ya tano haambulii patupu kila mara. Kuzungumza hakuulizwi darasa la saba, hakuulizwi kidato cha nne. Mwalimu mwenye watoto 80 na mtihani mlangoni atafundisha kinachoulizwa. Hata mimi.

Ninachokuandikia ni hiki: tunabadili mafundisho ya Kiingereza hapa Tanzania mara kwa mara, na tukishabadili hatupimi kwa namna ya kutuonyesha kama tulifanya vema.

Chukua mfano wa karibu. Mwaka 2015 Kiingereza kiliondolewa darasa la kwanza na la pili ili watoto washike kwanza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtaala ulioanza 2024 umekirudisha darasa la kwanza. Huenda uamuzi wa kwanza ulikuwa sahihi, huenda wa pili ndio sahihi. Mwalimu hubishana na mwenzake chai nzima wasifike popote, kwa sababu hakuna mwenye karatasi ya kuonyesha. Na karatasi ingepatikana kwa urahisi! Walioanza la kwanza 2013 walifika kidato cha kwanza Januari 2020, wakiwa wamesoma Kiingereza tangu mwanzo. Walioanza 2015 walifika Januari 2022, wakiwa wamekianza la tatu. Aya moja ileile, wakisomeshwa makundi yote mawili katika wiki ya kwanza, ingetuambia mengi. Nafasi hiyo imetupita. Lakini walioanza na mtaala mpya wako njiani kuja kwetu, na wanaowatangulia bado wanapita mikononi mwetu kila mwaka. Wasipopimwa sasa, hao wadogo tutakuja kuwalinganisha na nani?

Kupima si kitu kigeni hapa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wenyewe, wakakuta wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kujifunzia. Miaka miwili kabla, Tume ya Makwetta, tume ya rais kuhusu elimu, ilikuwa imependekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, na pendekezo hilo likawekwa kando. Baadaye ukaja mradi wa kuimarisha Kiingereza, na vitabu vya hadithi nyepesi. (Upande wangu katika mjadala ule wa lugha ya kufundishia unajulikana ofisini kwetu, sitauanzisha hapa.) Na si lazima kupima kuwe kwa wataalamu wa kigeni: watu wa Uwezo, mpango wa kiraia wa kupima kujifunza kwa watoto, walikwenda nyumba kwa nyumba na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, wakamwambia mtoto asome.

Basi naomba waraka wako mmoja. Aya ileile na maswali yaleyale kwa shule zote wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza. Tena baada ya ile kozi ya awali ya Kiingereza, ambayo leo tunaimaliza bila kujua imemsaidia nani. Tena mwisho wa kidato cha pili. Majibu yarudi kwa mwalimu wa somo kabla watoto hawajaondoka. Baraza la Mitihani hutoa uchambuzi mzuri wa majibu ya watahiniwa, nausoma, ila unapotoka wale niliowafundisha wameshakwenda zao.

Sharti langu moja: alama hizo zisitumike kupanga shule wala kumwita mkuu wa shule ajieleze. Siku zitakapotumika hivyo tutazipika, na kupika tunajua.

Na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, tafadhali. Wa mwisho kututembelea aliangalia maandalio ya somo, nukuu, saini na mihuri. Dakika arobaini alizokaa darasani watoto waliitika kwa pamoja tu, na fomu ikajaa. Angewaita watano nje, akawauliza kwa Kiingereza walikula nini jana, angeandika ripoti nyingine kabisa.

Aya yangu ya Januari ijayo nimeshaiandaa: ng'ombe aliyepotea mnadani, maneno 90. Mkinitumia ya kwenu mapema, hiyo ya ng'ombe naiweka kabatini.

Mwalimu wa Kiingereza, shule ya kata