Ukame na fezanti wa South Dakota

Mhariri,

Wawindaji wenzangu huku Marekani hudhani ukame huwaua fezanti, wale ndege wa porini wa jamii ya kuku, kwa kiu. La hasha, umande na wadudu huwapa maji ya kutosha. Wanaoumia ni vifaranga: wiki za mwanzo chakula chao ni wadudu karibu watupu, na nyasi zikikauka wadudu hupungua. Mwaka wa ukame wa 2017, hesabu ya fezanti wanaoonekana kando ya barabara ilishuka kwa asilimia 45.

Kinachoniudhi zaidi ni ile ruhusa ya dharura, wakati wa ukame, ya kufyeka nyasi za mashamba yaliyopumzishwa bila kulimwa ili mifugo ile. Sawa, ng'ombe lazima wale, lakini theluji ikianguka fezanti atajificha wapi? Wakulima walipwe fidia, nao waache japo vichaka vya kingoni.

Mwindaji,
Sioux Falls