Mgombea asiye na chama aruhusiwe, hata kama hafanani na viongozi tuliowazoea

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimtetee mgombea wa aina ambayo wachambuzi wengi wa siasa huipuuza mapema: mtu asiyetoka katika safu za uongozi wa vyama, anayezungumza kama wanavyozungumza watu wa kwao, na ambaye wakubwa humcheka mpaka siku kura zinapohesabiwa. Ninaandika nikiwa mkazi wa Mtwara, na ninaamini kwamba mikoa yetu ya Kusini imekosa viongozi wengi wazuri kwa sababu sheria ya nchi haimruhusu mtu kugombea udiwani, ubunge wala urais bila kupendekezwa na chama cha siasa.

Mfano ninaouona kuwa na mafunzo mengi zaidi unatoka mbali, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako gavana huchaguliwa na wananchi wenyewe, tofauti na Mkuu wa Mkoa wetu ambaye huteuliwa na Rais. Mwaka 1998 vyama viwili vikubwa vya huko vilisimamisha watu waliokuwa na uzoefu wa kutosha. Mmoja alikuwa Hubert Humphrey III, Mwanasheria Mkuu wa jimbo na mtoto wa mtu aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo, na mwingine alikuwa Norm Coleman, meya wa St. Paul, mji mkuu wa jimbo. Wa tatu alikuwa Jesse Ventura wa chama kidogo cha Reform, mtu aliyejulikana kwa mieleka ya kulipwa na uigizaji wa filamu, ingawa wengi husahau kwamba aliwahi kutumikia jeshi la wanamaji na kwamba kuanzia 1991 hadi 1995 alikuwa meya wa mji wa Brooklyn Park. Tarehe 3 Novemba Ventura alipata asilimia 37 ya kura, Coleman 34 na Humphrey 28.

Ningekuwa mpiga kura wa Minnesota ningempa kura yangu, na sifa zake za ulingoni zisingehusika. Mgombea mwenza aliyemchagua, Mae Schunk, alikuwa mwalimu wa shule za umma, na hilo peke yake lilionyesha ni watu gani aliotaka kuingia nao ofisini. Katika midahalo alijibu kwa sentensi ambazo mkulima na fundi waliweza kuzirudia nyumbani bila kuzipotosha. Jambo ninaloliheshimu kuliko yote ni kwamba hakuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa: wanafunzi wa vyuo walipotaka serikali iwaongezee msaada wa ada, aliwaambia waziwazi kwamba hakukubaliana na jambo hilo. Mimi nisingekubaliana naye hapo, kwa sababu najua ada inavyowarudisha nyumbani watoto wa wakulima, lakini ningejua ninampigia kura mtu gani. Wanaodai kwamba kila mgombea anayependwa na umma hushinda kwa kuahidi kila kitu kwa kila mtu wautazame upya uchaguzi ule.

Inafaa pia kueleza jinsi alivyoweza kufika huko, maana hapo ndipo ilipo hoja yangu. Chama chake kilikuwa kimepata zaidi ya asilimia 5 ya kura katika uchaguzi wa useneta wa mwaka 1994, ambapo mgombea wake alikuwa Dean Barkley, na kwa sheria ya Minnesota kiwango hicho kilikipa hadhi ya chama kikubwa. Aidha, sheria ya huko iliwapa wagombea waliotimiza masharti ruzuku ya kampeni kutoka katika fedha za umma, na kwa kutegemea ruzuku hiyo Ventura aliweza kukopa benki ili alipie matangazo yake ya siku za mwisho. Waandaaji wa midahalo nao walimkaribisha akae jukwaa moja na wakubwa. Tena tangu miaka ya 1970 mkazi wa Minnesota anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura siku ileile ya uchaguzi, na mwaka ule maelfu ya watu, wengi wao vijana, walifika vituoni, wakajiandikisha na kupiga kura papo hapo. Takriban asilimia 60 ya watu waliostahili kupiga kura katika jimbo lile walipiga. Watu waliokwisha kukata tamaa na siasa walirudi kwa sababu sheria iliwaachia njia mpaka dakika ya mwisho, na kwa sababu katika karatasi ya kura palikuwa na mtu waliyemwona kuwa wao.

Alipokuwa madarakani aliwarudishia wananchi sehemu ya ziada ya kodi na kuitetea reli ya abiria ya Minneapolis, ambayo wengi waliipinga. Aligombana sana na waandishi wa habari, pengine kuliko ilivyostahili, na mwishoni mwa kipindi chake bajeti ya jimbo ilikuwa na nakisi kubwa. Mwaka 2002 hakugombea tena, na jimbo likaendelea na kazi zake. Maafa waliyoyatabiri wakubwa hayakutokea.

Sasa nirudi kwetu. Yeyote aliyewahi kukaa katika mkutano wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, wakati wa msimu wa korosho, Tandahimba, Newala, Masasi au Nachingwea, amemwona mtu wa namna hii. Ndiye anayesimama kuuliza kila makato yanayotajwa yanakwenda wapi, anayekumbuka bei ya kila mnada wa msimu uliopita, anayewakemea wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa magendo, mbele ya watu na bado akasikilizwa. Hana kadi ya chama, au anayo lakini hana watu wa kumbeba katika kura za maoni. Kwa hiyo kila uchaguzi unapokuja huyo hubaki kuwa mpiga kura tu, na sisi huletewa majina yaliyokwisha kupangwa kwingine.

Madhara yake tumeyaona. Mwaka 2018 Bunge lilipobadilisha sheria ili asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje isirudi tena kuendeleza zao hilo, wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walipinga kwa sauti moja, na wengi wetu tuliwasikiliza kwa fahari. Sheria ilipita hata hivyo. Mbunge wa Tanzania anayefukuzwa uanachama hupoteza na ubunge wake, na kila anayesimama kuwatetea wakulima dhidi ya msimamo wa chama chake anajua kwamba chama kinaweza kumnyang'anya kiti alichopewa na wapiga kura. Miaka mitano kabla ya hapo, katika suala la bomba la kupeleka gesi ya Mtwara Dar es Salaam, hasira ya wananchi wa Mtwara ilifikia barabarani, watu wakapoteza maisha na mali zikateketea. Sitetei vurugu zile hata kidogo. Nasema tu kwamba watu wenye msemaji waliyemchagua kwa hiari yao, asiyeweza kunyamazishwa na kikao cha chama, wana mahali pa kupeleka hasira yao kabla haijafika huko.

Wala wapiga kura wa Kusini hawaogopi mgombea asiye wa kawaida. Kilwa Kusini ilimchagua Selemani Bungara, anayejulikana nchi nzima kwa jina la Bwege, mwaka 2010, na ikamrudisha tena 2015. Wengi nje ya Kilwa walikumbuka vichekesho vyake bungeni, lakini wapiga kura wake walijua anasema nini kwa niaba yao. Yeye alikipata chama cha kumsimamisha, nacho kilikuwa CUF. Nawafikiria wale ambao hawakukipata.

Suala hili halikuanza leo. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliamua kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama, na Bunge likaibadilisha Katiba kuizuia haki hiyo. Mahakama Kuu ikaithibitisha tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2010 na kusema kuwa jambo hilo ni la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapohapo Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Mchungaji Mtikila alifariki dunia Oktoba 2015 bila kuona hukumu hiyo ikitekelezwa.

Wanaopinga husema kwamba mgombea binafsi ataleta ukabila, au kwamba matajiri watajinunulia viti. Hofu ya fedha naielewa, ila sijaona kwamba kura za maoni za vyama zimeiepuka. Dawa yake ni masharti. Texas mwaka 2006 mgombea huru wa ugavana alitakiwa kuleta sahihi 45,540 za wapiga kura ambao hawakushiriki kura za mchujo za vyama. Kinky Friedman, mwanamuziki na mwandishi, alizipata, akafanya kampeni yake, na wananchi wakampa takriban asilimia 12 tu. Walimsikiliza kisha wakamkataa, na uamuzi ulikuwa wao. Nchini Kenya, Laikipia na Isiolo zilichagua magavana wasio na chama mwaka 2017, na sijasikia kwamba umoja wa nchi hiyo ulivunjika kwa sababu yao.

Nawaomba wabunge wa Mtwara na Lindi, bila kujali vyama vyao, wapeleke bungeni hoja ya kurekebisha ibara ya 39 na ya 67 za Katiba, pamoja na ile inayomvua ubunge mtu aliyepoteza uanachama, na waweke idadi ya wadhamini ambayo mkulima wa Nanyamba au mvuvi wa Kilwa anaweza kuifikia kwa kutembea kijiji hadi kijiji. Waitangaze hoja hiyo kwanza katika mikutano ya hadhara huku kwetu, tuwasikie wakiitetea kwa majina yao.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara