Hedifoni ivaliwe kabla ya kulipiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowagusa wasomaji wengi, hasa wale wanaosafiri kila siku kwa daladala na mwendokasi huku wakisikiliza muziki kwenye simu. Mimi ni fundi wa vifaa vya sauti hapa Dar es Salaam, na meza yangu haikosi hedifoni za wateja wanaolalamika ama kwamba zinawaumiza, ama kwamba sauti yake haina ladha. Wengi wao walizinunua kwa kuangalia jina lililoandikwa ubavuni, besi aliyoisifia muuzaji, na bei. Ni wachache mno waliozivaa kwa muda wa kutosha kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa maduka mengi hayaruhusu boksi lifunguliwe. Hoja yangu ni kwamba hedifoni isiyokukaa vizuri haiwezi kukupa sauti nzuri hata ingetengenezwa na nani, na kwa hiyo mnunuzi anastahili kuivaa na kuisikiliza kabla ya kulipa.

Nianze na sababu yenyewe. Sauti nzito, yaani besi, hutokana na spika ndogo inayosukuma na kuvuta hewa iliyozibwa kati yake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikipata upenyo, besi ndiyo ya kwanza kupotea, na kinachobaki ni sauti nyembamba yenye makali. Kwa eafoni za kuchomeka ndani ya tundu la sikio, kinachoziba ni kile kipira cha silikoni kilichovikwa kwenye ncha yake. Boksi la eafoni nzuri huwa na vipira vidogo, vya kati na vikubwa, lakini kifuko chenye vipira hivyo aghalabu hutupwa pamoja na boksi, na mtu akabaki na vile vilivyovikwa kiwandani. Mteja akiniletea eafoni akidai kuwa haina besi, kazi yangu ya kwanza ni kubadilisha kipira, na mara nyingi malalamiko huishia hapo. Matundu ya masikio ya mtu mmoja yanaweza yasilingane, hivyo si ajabu kuvaa kipira cha kati upande wa kushoto na kikubwa upande wa kulia. Kipira kinachofaa utakitambua kwa kuwa kelele za nje hupungua mara tu unapokivaa, hakikubani, na hakichomoki unapotafuna au kuzungumza.

Kwa hedifoni kubwa za kufunika masikio, kazi hiyo ya kuziba hufanywa na sponji iliyovikwa ngozi ya plastiki au kitambaa. Hapo kuna mambo ambayo matangazo hayayasemi, kwa sababu wanaopigwa picha humo hawavai kama tunavyovaa sisi. Mwenye miwani huacha upenyo pale mkono wa miwani unapopita chini ya sponji, na baada ya muda mkono huo humuumiza nyuma ya sikio. Mwenye hijabu akiivaa hedifoni juu ya kitambaa hupoteza sehemu ya besi, na vikombe vinavyofunika masikio huteleza kila anapogeuza kichwa. Yeye hufaidika zaidi na eafoni ndogo inayokaa chini ya hijabu, mradi isiwe imejitokeza nje ya sikio kiasi cha kusukumwa na kitambaa mpaka imchome. Aliyesuka rasta nene anahitaji mkanda wa kichwani unaorefuka vya kutosha, usiokandamiza nywele utosini, na mvaa kofia vivyo hivyo. Hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kujulikana kwa kusoma maandishi ya boksi.

Uzito nao huhukumiwa kichwani. Hedifoni ndogo ya sponji iliyouzwa pamoja na Walkman ya kwanza ya Sony, yaani kicheza kaseti kidogo cha kutembea nacho, mwaka 1979 ilikuwa na gramu 50 hivi, na wepesi huo ulichangia sana kuwazoesha watu kutembea na muziki wao. Hedifoni ya WH-1000XM4 ya kampuni hiyohiyo ina gramu 254, na AirPods Max ya Apple, iliyotoka mwaka 2020, ina gramu 385 hivi. Sisemi kwamba nzito ni mbaya, kwa kuwa mkanda uliotengenezwa vizuri huugawa uzito usikae mahali pamoja. Ninachosema ni kwamba katika dakika mbili za mwanzo kila hedifoni huonekana nyepesi. Maumivu ya utosini, kubanwa chini ya masikio na joto la vikombe huja baadaye, na kwa hiyo robo saa ya kuvaa dukani si ombi kubwa kwa mtu anayetaka kutoa fedha nyingi.

Sisi wa pwani tuna tatizo jingine, nalo ni joto na unyevu. Ngozi ya plastiki inayovikwa sponji nyingi ni ya poliyurethani, na unyevu pamoja na jasho huivunja taratibu mpaka ikaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyonata mashavuni na kwenye kola ya shati. Sponji ya kitambaa hupitisha hewa na haichomi sana, ingawa haizibi kama ngozi na besi yake huwa pungufu kidogo. Kwa mtu anayesafiri mchana katika basi lililojaa, mimi humshauri achukue eafoni ya kuchomeka, na hedifoni kubwa aiache kwa matumizi ya nyumbani au ofisini penye kiyoyozi. Anayeitaka kubwa hata hivyo aulize kwanza kama sponji zake zinatoka na kama za akiba zinapatikana, maana hedifoni nyingi nzima hutupwa kwa ajili ya sponji tu.

Nikija kwenye sauti, shauri langu ni kwamba usikubali kujaribishiwa kwa wimbo wa muuzaji. Wimbo ule umechaguliwa kwa sababu una mdundo unaotikisa kila spika, nawe huujui, kwa hiyo huna cha kulinganisha nacho. Nenda na simu yako mwenyewe na nyimbo ulizozisikiliza mpaka unajua kila ala inapoingia. Rumba na dansi la zamani ni mtihani mzuri sana, kwa sababu magitaa hupokezana: la solo likipanda juu, la ridhimu hubaki chini likikata mwendo, na la besi hutembea kwa noti zake. Katika hedifoni nzuri unaweza kuamua kulifuata gitaa la ridhimu peke yake tangu mwanzo wa sebene hadi mwisho bila kulipoteza, na kila noti ya besi unaisikia ikianza na ikikoma. Katika ile iliyokuzwa besi kupita kiasi, noti hizo huungana zikawa mvumo mmoja, na mvumo huo hulifunika gitaa la ridhimu na sauti za waimbaji wanaume. Taarabu nayo hupima upande wa juu. Nyuzi za ganuni zinatakiwa zisikike zikikwanyuliwa moja moja, fidla isichome, na mwimbaji anapotamka maneno yenye herufi s na sh, usisikie mlio wa kupuliza unaokufanya ukunje uso. Mlio huo ukikusumbua dukani, utakuchosha zaidi ukiwa safarini, nawe utaivua hedifoni bila kujua kwa nini umechoka.

Kuna jaribio jingine ninalolipenda, na halihitaji kifaa chochote. Chukua wimbo uliorekodiwa zamani kwa mono, yaani kabla studio hazijaanza kugawa sauti kushoto na kulia. Kwa kuwa masikio yote mawili yanapelekewa kitu kilekile, mwimbaji anapaswa asikike katikati kabisa ya kichwa. Akiegemea upande mmoja, igeuze hedifoni, ya kushoto uivae kulia, usikilize tena. Sauti ikihamia upande wa pili pamoja na hedifoni, basi spika zake mbili hazilingani, na hedifoni hiyo usiichukue hata ukipunguziwa bei. Vilevile, unapolinganisha mbili, hakikisha zote zinasikika kwa kiwango kimoja cha sauti, kwa sababu sikio la binadamu huidhania ile yenye sauti kubwa zaidi kuwa ndiyo bora, na mauzo mengi hufanyika kwa kosa hilo.

Bei haiwezi kukuamulia haya. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la jumuiya ya wanasayansi wa sauti ya Marekani matokeo ya kulinganisha hedifoni 283 za bei mbalimbali, na hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi zinavyotoa sauti nzito, za kati na nyembamba. Koss Porta Pro, hedifoni nyepesi ya mkanda wa chuma iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, bado inatengenezwa na kusifiwa kwa sauti yake, ilhali bei yake ni sehemu ndogo tu ya zile zinazotangazwa sana. Ina kasoro yake: imeachwa wazi nyuma, kwa hiyo jirani yako kwenye kiti ataisikia nyimbo yako, nawe utaisikia injini. Maandishi ya boksi nayo yasikutishe. “Hezi 20 hadi 20,000”, yaani kuanzia sauti nzito kabisa hadi nyembamba kabisa, huandikwa karibu kwenye kila boksi, zuri na baya, na upana wa spika kwa milimita si kipimo cha ubora. Namba inayomfaa mwenye simu ni ile ya ukinzani, yaani jinsi spika inavyoupinga umeme, inayoandikwa kwa omu: 16 hadi 32 kwa kawaida huendeshwa vizuri na simu, na zile za 250 au 300, ambazo hutengenezwa kwa ajili ya studio na amplifaya, zitakupa sauti hafifu hata uongeze mpaka mwisho.

Hapa sina budi kugusia afya, kwa kuwa inaungana moja kwa moja na hoja ya kukaa vizuri. Ngurumo ya injini ya basi ni sauti nzito, na inaifunika besi ya muziki. Eafoni isiyoziba humlazimisha mtu apandishe sauti ili aishinde ngurumo, na abiria wa jinsi hiyo utawatambua kwa kuwa muziki wao unasikika viti viwili nyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na sauti ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki, kwa sababu kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza nusu ya muda salama. Anayesafiri saa mbili kwa siku akiwa na sauti ya namna hiyo anaumaliza mgao wa wiki nzima kabla ya Jumatano. Eafoni inayoziba vizuri, au ile yenye teknolojia ya kufuta kelele, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi kwa ngurumo nzito kama hiyo ya injini kuliko kwa maneno ya watu, humwezesha asikilize kwa sauti ya chini na bado asikie kila ala. Ukishuka kituoni uivue, maana pikipiki haikusubiri.

Kuhusu waya na Bluetooth sina maneno mengi. Isiyo na waya ni rahisi kutumia, lakini betri zake ndogo huchoka, na katika eafoni nyingi hazibadilishiki. Ya waya hukatika karibu na pini kwa kukunjwa mfukoni, nayo hutengenezeka: ndani yake mna nyuzi nyembamba za shaba zilizopakwa rangi na kuchanganywa na uzi wa nailoni, na fundi akiichoma ile rangi kwanza ndipo risasi inashika. Asiyeichoma atakuunganishia waya utakaonyamaza wiki hiyohiyo. Na upande mmoja wa eafoni ukififia, kabla hujaitupa, utazame wavu wake mdogo kwenye mwanga, kwani mara nyingi umezibwa na nta ya sikio, na brashi laini kavu inatosha.

Kwa wauzaji wa Kariakoo na kwingineko, ombi langu ni dogo. Kila aina mnayoiuza, tengeni moja ya majaribio, mwe na kitambaa chenye spiriti ya kufutia na vipira vya ukubwa wote vinavyobadilishwa kila mteja anapojaribu, kisha mpeni mtu nafasi ya kuketi nayo kwa robo saa. Gharama yake itarudi, kwa sababu mteja aliyechagua kwa masikio yake hatairudisha bidhaa kesho yake. Kwako Mhariri, ninaomba kwamba kurasa zenu za teknolojia zinapoeleza hedifoni mpya, pamoja na bei na muda wa chaji, ziandike pia uzito wake kwa gramu, aina ya sponji, kama sponji hizo zinabadilishika, na mwandishi aseme aliivaa kwa muda gani mfululizo kabla ya kuitolea hukumu.

Fundi wa vifaa vya sauti,
Ilala, Dar es Salaam