Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sifuri ya Mgonjwa na Fedha ya Zahanati

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mmeshazipata kwa mweka hazina, sizirudii. Nafasi hii naitumia kwa jambo lililochukua muda mwingi wa kamati mwaka huu: namna tunavyopima, katika tafiti zetu za gharama za matibabu, fedha inayomtoka mgonjwa mfukoni.

Kasoro ilikuwa kwenye dodoso. Tumezoea kuuliza, "Ulilipa kiasi gani kituoni?" Mwenye kadi ya CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), ile iliyotozwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, anajibu sifuri, wala hasemi uongo. Hakulipia kumwona mganga, hakulipia kipimo. Kufika dirisha la dawa akaambiwa zimeisha, akaandikiwa kikaratasi, akanunua duka la barabarani. Fedha hiyo haimo kwenye sifuri yake. Mjamzito naye sera imemsamehe, lakini anapoambiwa aje na glovu, pamba, nyuzi za kitovu na mpira wa kulalia, ameshalipa kabla hajapanda kitanda. Bodaboda ya usiku hatujaitaja.

Dodoso jipya linaipa kila gharama mstari wake: kumwona mganga, vipimo, dawa za kituoni, dawa za dukani, vifaa, nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji, chakula wodini, na malipo yasiyo na risiti. Kipindi cha kukumbuka kibaki wiki 4 kwa mgonjwa wa nje na miezi 12 kwa aliyelazwa. Ukimuuliza mtu bei ya panadol ya miezi minane iliyopita, atakubahatishia tu.

Mtego wa pili umo kwenye uchambuzi. Vizingiti tunavyotumia kusema gharama imeielemea kaya, vya asilimia 10 na 25 ya matumizi yote ya kaya, au asilimia 40 ya kinachobaki baada ya mahitaji ya lazima, humwona aliyelipa tu. Aliyekosa nauli akabaki nyumbani ana sifuri, na kwenye jedwali anahesabika pamoja na waliokingwa. Ndiyo maana kamati imeamua: jedwali la gharama lisitoke peke yake. Liandamane na la walioumwa wasiende kutibiwa, na sababu zao.

Sasa kwa nini dawa zinaisha? Hapo ndipo utafiti wa gharama unapokutana na mageuzi ya malipo, na hapo ndipo wengi wetu tunaishia mlangoni. CHF ya zamani, iliyoanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupata sheria yake 2001, michango yake pamoja na "tele kwa tele", yaani nyongeza ya serikali inayolingana na michango ya wanachama, ilikaa halmashauri; zahanati iliyochangisha ikabaki kuomba. Tangu 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Ni hatua kubwa, lakini fedha benki si dawa rafuni. Kituo huagiza kwanza Bohari ya Dawa. Dawa ikikosekana huko, sharti ipatikane taarifa ya kukosekana ndipo inunuliwe kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa, utaratibu ulioanzia Dodoma 2014. Taarifa ikichelewa, salio lipo na rafu ni tupu. Kwa hiyo mkifika stoo msiridhike na "ipo" au "haipo". Chukueni tarehe nne: ya kuagiza, ya taarifa, ya kuagiza kwa mshitiri, na ya kupokea. Kisha linganisheni na kadi ya stoo, ambayo mara nyingi husema tofauti na ripoti.

Kuhusu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, mjadala wetu wa ndani ulikwama kwenye swali la kukilipa kituo kwa kichwa (kiasi maalumu kwa kila mwanachama aliyeandikishwa) au kwa huduma (kwa kila huduma iliyotolewa), kana kwamba njia mojawapo haina dawa chungu. Kituo kinacholipwa kwa huduma huwa na kishawishi cha kuongeza vipimo. Kinacholipwa kwa kichwa, kishawishi cha kumwandikia mgonjwa rufaa mapema. Kupanga bei nako kuna moto wake, kama tulivyoona Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa zilipokikataa kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei zake, cha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Toto Afya Kadi, bima ya hiari ya watoto ya NHIF, ilitufundisha upande wa mchangiaji: kwa shilingi 50,400 kwa mtoto, mzazi aliyekimbilia kadi ni yule ambaye mwanawe tayari anaumwa, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Anayeandika juu ya hiari katika bima aanzie hapo.

Misamaha bado hatujaishughulikia ipasavyo. Mtoto chini ya miaka 5 na mzee asiye na uwezo wanatibiwa bila malipo, ila swali la nani anairudishia zahanati gharama hiyo halimo kwenye madodoso yetu. Ninapendekeza liwe kazi ya kwanza ya kamati ijayo.

Nakala za dodoso ziko kwa katibu. Atakayelijaribu kijijini aandike pembeni kila swali lililomkwaza mjibuji, kwa maneno ya mjibuji mwenyewe, na alirudishe hivyo hivyo bila kulisafisha.

Mwenyekiti