Daraja likijengwa tuulize na nondo zimeungwa wapi

Mhariri, salaam. Mi ni fundi nondo niko huku Lindi, gazeti lenu nalisoma sana ila kuna sehemu mnatuangusha. Daraja likianza mnatuandikia mabilioni, urefu, mgeni rasmi kasema nini, basi. Tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kikate barabara ya Dar pale Somanga kila mtu anaongelea madaraja (mafuriko yakila tuta msisingizie mafundi nondo jamani), lakini hamna anayeuliza ndani ya nguzo nondo zimeungwa wapi na kivipi.

Nondo inakuja mita 12, nguzo ndefu lazima uunge. Kwenye nyumba tunalaza moja pembeni ya nyingine, binding waya, kazi imeisha. Sa nguzo ya daraja unakuta nondo za milimita 32 au 40, ukilaza mara 50 ya unene wake hiyo ya 40 inataka mita 2 nzima, na ukizilaza zote usawa mmoja chuma kinakuwa mara mbili, kokoto hazipiti, vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishuke vizuri) haiingii, fomu (mbao za kushikilia zege) ikitoka mnakuta mashimo alafu mtu anapaka simenti juu anaficha. Viwango vya Marekani nondo nene kuliko milimita 36 kwa kawaida haviruhusu ilazwe, wanataka kapla, yani kipande cha bomba la chuma chenye nyuzi ndani kama nati, kinachoshika ncha mbili za nondo.

Kibaya zaidi wengi wanapenda kuunga pale pale chini juu ya msingi kwasababu ni rahisi, hutafuti jukwaa, wakati pale ndo nguzo inapoumia mto ukishuka na magogo au ardhi ikitikisika. California walilipia hilo kwenye tetemeko la San Fernando 1971, nguzo zao maungio yalikuwa mafupi, mara 20 tu ya unene, ringi (vyuma vya kuzungushia nondo) nazo mbali mbali, ikabidi wabadili utaratibu. Na msiseme sisi hayatuhusu, Agosti 2020 ardhi ilitikisika Dar watu wakakimbia kutoka maghorofani.

Kapla nayo siyo mwarobaini. Ncha ya nondo inatakiwa ikatwe kwa msumeno iwe sawa, siyo kwa gesi, nyuzi zilizokatwa kwenye ncha kama za skrubu zivalishwe kofia za plastiki maana upepo wa bahari huku Mtwara na Lindi hauna huruma, mwezi tu nyuzi zimeota kutu na kapla haiingii mpaka mwisho, hapo ndo utamsikia mtu anasema chomelea tu, nondo ngumu hizi ukizichomelea ovyo zinakuwa za kukatika. Piga alama ya rangi ili inspekta aone imeingia kiasi gani. Alafu kapla ni nene kuliko nondo, ringi ikipita juu yake inasogea nje na zege la kufunika linapungua, yani milimita 50 za kwenye mchoro zinaweza kubaki hata 35, chumvi inaingia. Hilo linatakiwa litatuliwe ofisini kwenye mchoro, nondo zisogezwe ndani kidogo au nguzo iongezwe unene, siyo fundi aje akune kichwa saiti jioni zege limeshafika.

Ombi langu, mwandishi wenu akija saiti ya daraja lolote huku kusini aombe mchoro wa maungio na majibu ya sampuli za kapla zilizovutwa maabara, na apige picha kabla fomu haijafungwa.

Fundi nondo,
Lindi