Pombe Imelala? Weka Sukari Chini, Chukua Haidromita

Jumamosi iliyopita mteja alishuka kwenye boda mbele ya duka letu la hamira ya bia hapa Kansanga, Kampala, akiwa ameikumbatia ndoo ya lita 20. Aliitua juu ya kaunta, watu wakitazama, akasema: "Mzee, hamira mliyoniuzia ilikuwa imekufa. Siku nne pombe haisogei, na pesa yangu mmekula."

Maneno hayo nayasikia karibu kila mwezi, na yananiuma, kwa sababu hamira ndicho kitu tunachokitunza kuliko vyote dukani. Friji yake ina betri yake. Umeme ukikatika Kampala nzima, hamira yetu inabaki kwenye nyuzi 4. Lakini aliyelipa ana haki ya kuuliza, basi nilimvutia kiti, nikachota pombe kidogo, tukapima pamoja.

Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha uzito wa pombe, ilisimama 1.030; maji matupu ni 1.000, na hamira ikila sukari namba inashuka. Daftari lake lilionyesha alianza na 1.052. Nikamwambia, ndugu yangu, hamira iliyokufa haishushi uzito hata kidogo. Hapa umeshuka zaidi ya pointi 20 (pointi moja ni 0.001). Hamira hii ilikuwa hai, ila chembe zake nyingi zilikufa njiani na zilizobaki zikachoka. Tukaanza kufuatana nyuma. Pakiti aliinunua Ijumaa ya wiki iliyotangulia, saa sita mchana. Akapitia Nakasero kununua mboga, akaiacha pakiti juu ya dashibodi, gari limefungwa vioo, jua linawaka, mpaka saa kumi. Usiku akapika, akapoza ndoo kwenye beseni la maji ya bomba, akapima joto kwa kidole, akaona "ni vuguvugu tu", akamimina.

Kwa kidole ni rahisi kukosea kati ya nyuzi 33 na nyuzi 42. Hamira haikosei. Ukivuka 40 unaanza kuiua, na hii ya bia ya kawaida inataka kufanyia kazi kati ya 18 na 22. Pakiti moja ya gramu 11.5 imekusudiwa lita 20 hadi 23 ikiwa imefika nzima. Ikifika nusu, itaanza kwa povu zuri siku ya kwanza na ya pili, utafurahi, halafu italala katikati ya safari.

Kabla sijaeleza tulivyoiamsha, niseme jambo moja: ndoo nyingi zinazoletwa kwetu kama "zimelala", yaani zimeacha kuchacha kabla ya kuiva, hazijalala. Mtu anatazama kizibo cha hewa, kile cha kutolea gesi juu ya mfuniko, haoni mapovu, anapata wasiwasi. Kizibo hakipimi chochote. Mfuniko ukivuja kidogo pembeni, hewa inapita huko na pombe inaendelea kuchacha kimyakimya. Mwaka jana tulipanda hadi Muyenga kwa mteja aliyekuwa na kile kipimo cha lenzi, kinachotumia tone moja tu. Alianza na Briksi (kipimo cha sukari) 12.4, sasa kilisoma 6.5, akapiga hesabu akapata 1.026, akaamini imekwama. Kipimo kile ni kizuri siku ya kupika, kabla hapajawa na kileo. Kileo kikiingia, kinadanganya. Tuliweka haidromita: 1.012. Pombe ilikuwa imeiva, imetulia, inasubiri chupa. Tulimtoza gharama ya safari na alikasirika. Lakini kama angeendelea na mpango wake wa kumimina pakiti mbili mpya, angetumia pesa zaidi ya ile kwa pombe ambayo haikuwa na ugonjwa.

Basi sheria yetu ni hii: uzito ukisoma namba ileile siku tatu mfululizo, na namba hiyo ikawa juu kuliko ulivyotarajia, hapo ndipo tunasema imelala. Ulianza na 1.050, tarajia kumaliza kati ya 1.010 na 1.014. Ukisimama 1.020 na uliyotumia ni kimea cha kopo, usishtuke sana, vya makopo hupenda kuishia juu kidogo. Ukisimama 1.028, tuongee.

Sasa sukari. Hili ndilo linalotugharimu usingizi. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba hamira iliyolala inahitaji chakula. Ndoo yako ya 1.028 imejaa chakula! Tatizo ni kwamba walaji wamechoka au wamepigwa na baridi, wewe unawaongezea sahani. Kilo moja ya sukari katika lita 20 inapandisha uzito kama pointi 19. Kijana mmoja wa Bweyogerere alifanya hivyo: alikuwa 1.026, akarudi 1.045 kwa mkono wake mwenyewe. Ikachacha kwa unyonge wiki tatu, ikatoka nyepesi kama maji ya kusuuzia, yenye ladha ya tufaha bichi. Akaona imetulia, akatia kwenye chupa.

Alituita saa tatu usiku. Nilipofika, stoo yake ilikuwa na harufu ya bia na sakafu yote vipande vya kioo vya kahawia. Kimoja kilikuwa kimechoma ndani ya gunia la unga lililosimama mita mbili kutoka kwenye kreti. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Tulivaa makoti mazito na miwani, tukafungua chupa zilizobaki moja moja chini ya taulo lililoloa, na kila kizibo kilitoka kwa mlio. Kwa kawaida unatia gramu 6 au 7 za sukari kwa lita ili bia iwe na gesi. Pombe iliyokwama kwenye 1.028 ambayo ingeweza kufika 1.012 bado imebeba zaidi ya gramu 30 kwa lita. Hamira ikizinduka ndani ya chupa, gesi yote hiyo haina pa kwenda. Tafadhali, pombe iliyolala usiitie kwenye chupa. Ikae kwenye ndoo hata mwezi, lakini chupa hapana.

Njia ya mkato ya pili ni ya nyumbani zaidi. Mzee mmoja anayejua malwa, pombe ya ulezi, tangu ujana wake kule Teso aliniambia kuna dawa rahisi: tia konzi ya kimea cha ulezi, pombe itaamka. Na namheshimu, kwa sababu ana ukweli nusu. Kimea kibichi kina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, ndivyo malwa inavyofanya kazi. Lakini kimea hichohicho kimebeba bakteria wa kuchachusha kama wale wa maziwa lala. Kwenye chungu cha malwa uchachu ule ni sehemu ya utamu, watu wanaongeza maji ya moto, wanakaa na mirija yao, na ndani ya siku chache chungu kimekwisha. Bia ya kukaa kwenye chupa miezi miwili ni jambo jingine. Alijaribu kwenye ndoo yake. Uzito ulishuka kweli, na bia ikawa chachu ya kukunja uso. Vivyo hivyo kwa wanaoniambia, "mbona tonto, pombe yetu ya ndizi, inaiva siku mbili na yenu wiki mbili?" Tonto inanyweka ikiwa bado inachemka ndani yake. Kwa kawaida haifungiwi kwenye chupa.

Baridi nayo. Mama mmoja wa Kabale hununua kwetu kwa basi, na kila Juni na Julai ndoo zake zilikuwa zikisimama 1.024. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku unashuka hadi nyuzi 10 na kitu, na ndoo yake ilikaa kwenye sakafu ya saruji. Hamira ikipoa hivyo inajikunja na kutua chini kama mashapo. Hakuhitaji kununua chochote. Nilimwambia: "Mama, iinue sakafuni, iweke juu ya ubao chumba kinachopakana na jiko, izungushie blanketi, kisha iyumbishe taratibu mpaka mashapo yapande, bila kufungua mfuniko." Siku ya sita alisoma 1.013. Hatukumtoza senti.

Tunapopewa ndoo ambayo sababu yake haijulikani, tunachota mililita 300, tunatia hamira nyingi mpya, nyingi kupita kiasi, tunaiweka kwenye nyuzi 25 kwa saa 48, tukiitikisa mara kwa mara. Kama uzito wa sampuli umeshuka, basi kwenye ndoo sukari ipo na hamira ndiyo imeshindwa: inatibika. Kama haukushuka, hata ukimimina pakiti kumi hakuna kitu, kwa sababu sukari iliyobaki ni ile ambayo hamira haili. Hilo hutokea kwa wanaoloweka kimea chao wenyewe bila kipimajoto. Ukilowekea kwenye nyuzi 74 badala ya 66, unapata bia nzito yenye utamu, na imeshafika mwisho wake. Hapo nitakwambia uinywe hivyo au uichanganye na bia kavu, na sitakuuzia hamira usiyoihitaji.

Ndiyo maana matibabu yetu ni shilingi 80,000, na najua kuna anayeuza hamira ya kupimwa kijiko kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kwa 5,000. Kaveera ile imefunguliwa lini? Imekaa wapi? Kwenye 80,000 zetu mna kipimo cha saa 48, pakiti mpya, na stata: tunachemsha nusu lita ya maji ya kimea, tunaipoza, tunatia hamira, tunangoja mpaka povu lijae ndipo tunaimimina kwenye ndoo yako ikiwa tayari inafanya kazi. Hamira kavu ukiinyunyiza tu kwenye pombe ambayo tayari ina kileo, mara nyingi inazimia palepale. Na tunaimimina polepole kwa mrija mpaka chini, maana kuikoroga hewa pombe iliyokwisha anza ni kuiharibu ladha. Hewa ni ya siku ya kwanza, kabla ya hamira.

Yule wa Jumamosi tulimfanyia hivyo. Jumatano alinipigia simu akiwa ameishika haidromita mkononi: 1.014, na bado mapovu madogo yanapanda. Nilimwomba asubiri siku tatu nyingine kabla ya chupa.

Ukija na malalamiko, njoo na nusu lita kwenye chupa safi ya plastiki yenye mfuniko wa kuzungusha, usiikaze sana, na karatasi yenye uzito wa siku ya kwanza, joto la ndoo wakati wa kumimina hamira, na saa uliyonunua pakiti. Kuanzia mwezi huu kila pakiti inatoka dukani ndani ya mfuko wenye barafu, bila nyongeza ya bei. Mfuko huo, tafadhali, urudishe.